Barua ya Wazi kwa Kamati ya Bajeti: Msitu wa West Bugwe Haufungwi kwa Kufuli

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Kamati ya Bajeti, Bunge la Uganda, Kampala.

Nakala: Wizara ya Maji na Mazingira, Mamlaka ya Taifa ya Misitu (NFA), viongozi wa Wilaya za Busia na Tororo, Serikali ya Kaunti ya Busia, Kenya.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Lunyo, kusini mwa Wilaya ya Busia, kabla hamjafika kwenye mafungu ya misitu. Ombi langu ni moja. Fedha za kulinda Msitu wa Hifadhi wa West Bugwe zisiguswe. Na ikiwa mmekwisha kuamua kuzigusa, basi njooni huku kwanza, mkae nasi mkiwa na hesabu mkononi, mtuonyeshe mtaokoa kiasi gani na nani atakayebeba gharama yake.

Najua jibu la haraka: hakuna aliyesema kwamba West Bugwe unafungwa. Ni kweli. Huku kwetu hifadhi haifungwi kwa tangazo. Hakuna bango langoni wala waziri anayesimama mbele ya waandishi wa habari. Mafuta ya pikipiki ya doria ndiyo yanayokatwa. Mkataba wa askari wa msitu unaisha na hakuna wa kuurefusha. Mpaka uliokuwa umefyekwa unaota vichaka, mpaka mtu analima ndani ya hifadhi na kuapa kwamba hakujua. Duka lililoondolewa mlinzi usiku hatuliiti duka lililofungwa, limeachwa livunjwe. Ndivyo msitu wa umma unavyopotea mikononi mwa umma: unafungwa kwa wale wenye haki ya kuuingia, unafunguliwa kwa wenye misumeno.

Kwa msiowahi kufika, West Bugwe una zaidi ya hekta 3,000, si mbali na mji wa Busia. Ukisafiri kwa barabara kuu ya kutoka Jinja kwenda Tororo, unapofika Busitema unaona miti imesogea karibu na lami na nyani wamekaa pembeni wakisubiri abiria watupe maganda ya ndizi. Wengi wenu mmepita hapo mkielekea Malaba bila kujua kwamba mnapita kwenye mojawapo ya hifadhi 506 ambazo NFA inazisimamia kwa niaba ya taifa. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, na kuzunguka kote ni vijiji na mashamba ya Wasamia, Wagwe, Iteso na Japadhola.

Wilaya zetu mbili, Busia na Tororo, hazina mbuga ya taifa. Mtoto wa Lunyo akisikia neno mbuga anafikiria Murchison au Bwindi, mahali panapoonekana kwenye televisheni, na nauli ya kufika huko ni ada ya shule ya muhula mzima au zaidi. Mali ya umma aliyo nayo karibu ni hii: msitu wa West Bugwe, Mwamba wa Tororo unaoonekana hadi ng'ambo ya Kenya, na mabwawa ya mafunjo ya Sio-Siteko ambayo nchi mbili zinayagawana. Hatuna sokwe wa milimani. Hakuna Mmarekani atakayelipa dola 800 kutembea katika msitu wetu kwa saa moja kama wanavyolipa kule Bwindi. Kwa sababu hiyo, kila msimu wa bajeti, msitu kama huu unaonekana kwenye karatasi kama matumizi yasiyo na mapato, na kalamu ya kukata inaufikia mapema. Mbuga zenye lango hurudishia majirani zao asilimia 20 ya ada za kuingia. Sisi hatuna lango la kuhesabu wageni, lakini tuna mama anayetoka na mzigo wa kuni kavu kichwani, na hakuna safu ya jedwali lenu inayomhesabu huyo.

Mama huyo si mvamizi. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inampa ruhusa: wakazi wa jirani wanaweza kuokota kuni kavu kwa matumizi ya nyumbani, kwa kiasi cha kadiri, bila malipo, kwa kufuata mpango wa usimamizi wa hifadhi. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba serikali inashikilia hifadhi za misitu kama amana kwa ajili ya wananchi, na Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, ilikuwa imekwisha kusema hivyo kabla yake. Ruhusa ya namna hii ina maana pale tu ambapo mtu fulani anatembea msituni akiwa na mamlaka ya kuilinda. Askari akiondoka, mama mwenye kamba na panga ndiye wa kwanza kuacha kwenda, kwa sababu sasa anaweza kukutana na vijana wanaokata mvule usiku na hawapendi mashahidi. Akienda, anakwenda kwa woga, na yeyote atakayemkuta huko akidai kuwa afisa atamdai kitu kidogo. Kwa hiyo haki yake imefutwa bila Bunge kubadili hata nukta moja ya sheria.

Halafu kuna mpaka. Huu ndio upande ambao nafikiri Kampala haiuoni vizuri, nami naomba nikae juu yake kidogo. Mkaa unaotengenezwa huku hauliwi wote na majiko ya huku. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai 2023. Lilikuwa jambo jema kwa milima ya Kenya. Lakini sufuria za Kenya hazikusimamishwa. Mtu anayetaka kupika ugali leo jioni atatafuta mkaa, na mkaa usipotoka msitu wa Mau utatoka kwingine. Kwingine huko ni pamoja na huku kwetu. Magunia yanavuka kwa lori kupitia forodha, na yanavuka kwa baiskeli na bodaboda kupitia njia za panya ambazo kila mtoto wa Busia anazijua. Bei ikipanda Nairobi, mti wa West Bugwe unapandishwa bei siku hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa mpakani ni watu wepesi wa kusoma hali; tangu enzi za magendo ya miaka ya 1970 wamejifunza kujua ni wapi pana mlinzi na ni wapi hapana. Mkipunguza askari wa doria, habari itawafikia wao kabla haijanifikia mimi. Ndiyo maana nimetuma nakala kwa ndugu zetu wa Kaunti ya Busia pia. Nchi inayolinda misitu yake kwa kuhamishia moto kwa jirani inahitaji kukaa mezani na jirani huyo.

Na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi. Sisi wa mpakani hatukuhitaji kungoja: mnunuzi wa mkaa kutoka ng'ambo na muuzaji wa huku hupatana bei kwa lugha hii, na nataka wote wawili waisome barua hii.

Waheshimiwa, kuna majirani zangu ambao hawatakubaliana nami, na si haki kuwaficha. Wao wanasema: kama serikali haina fedha za kulinda msitu, iuache, iugawe, vijana wapate mahali pa kulima. Siwadharau hata kidogo. Ardhi ya huku imekatwakatwa na urithi mpaka kijana anaoa akiwa na mistari michache ya muhogo, na anapotazama hekta 3,000 za miti anaona maisha ambayo amenyimwa. Njaa ya ardhi ni ya kweli, na anayezungumzia msitu bila kuitaja hajui vijiji hivi.

Lakini tumekwisha kuipita njia hiyo. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitoa Amri ya Mageuzi ya Ardhi, na kwa kampeni ya kuongeza uzalishaji mara mbili watu kote nchini waliingia kwenye misitu ya hifadhi na kulima. Idara ya Misitu haikuwa na nguvu ya kuwazuia, na wakubwa wengine waliwatia moyo. Watu walijenga nyumba, wakazika wazazi wao mle ndani, wakazaa watoto ambao hawakuwahi kujua kwamba kwao ni hifadhi. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali mpya ikaanza kuwatoa. Wazee waliopitia hayo bado wapo katika nchi hii, waulizeni. Mazao yalifyekwa yakiwa mabichi na familia zikatembea barabarani na magodoro. Waliolipa gharama ya miaka ile ya msitu usio na mlinzi hawakuwa waliouza mbao. Walikuwa maskini walioamini kwamba serikali iliyonyamaza imekubali.

Hilo ndilo linalonifanya nisilale. Mkiondoa ulinzi leo kwa kubana matumizi, mnapanda watu watakaong'olewa baada ya miaka 10 au 15. Tutaleta tena polisi, mahakama, malori na mabomu ya machozi, na kila kimoja kina fungu lake katika bajeti. Mshahara wa askari wachache wa doria kwa miaka hiyo yote hauwezi kulingana na gharama ya operesheni moja ya kufukuza vijiji, achilia mbali machozi yake. Anayewapenda vijana wasio na ardhi hawezi kuwaelekeza mahali ambapo sheria itawafuata baadaye na bunduki.

Mnaweza kuniambia kwamba mnapunguza taasisi, hampunguzi ulinzi. Tangu uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Septemba 2018 mmekuwa katika kazi ya kuunganisha mashirika ya serikali, na mwaka 2024 miswada mingi ilipita mbele yenu. Mamlaka ya barabara, UNRA, ilirudishwa wizarani. Misitu na wanyamapori navyo viliingizwa katika mjadala huo. Mimi sina ugomvi na jina lililoandikwa mlangoni. Kabla ya sheria ya 2003 tulikuwa na Idara ya Misitu, mwaka 2004 ikazinduliwa NFA, na katika kipindi chote hicho swali la mwanakijiji lilikuwa lile lile: nani anatembea msituni leo? Mjadala wenu ulihesabu ofisi, wakurugenzi na magari ya Kampala. Hesabuni na nyayo. Kila mwaka maafisa wa misitu huja mbele ya kamati za Bunge kueleza kwamba askari wao ni wachache mno kwa ukubwa wa eneo, na katika miaka hiyo nchi imetoka kwenye asilimia 24 ya ardhi iliyofunikwa na misitu mwaka 1990 hadi takriban asilimia 9 mwaka 2015. Nambari hizo ni za serikali yenyewe.

Kuna tukio la mbali ambalo nadhani linafaa kusomwa katika chumba chenu cha mikutano. Mwaka 2011 jimbo la California, Marekani, lilitangaza kwamba litafunga hifadhi 70 kati ya zake 278 ili kuokoa dola milioni 22. Wananchi walipigana. Walichangishana, wazee waliostaafu wakajitolea kufagia na kuongoza wageni, vikundi vya kiraia vikatia saini mikataba ya kuendesha hifadhi chini ya sheria mpya iliyoviruhusu. Kikundi kimoja kilishika usimamizi wa hifadhi inayobeba jina la mwandishi Jack London. Karibu zote ziliokolewa. Kisha, Julai 2012, ikagunduliwa kwamba idara ya hifadhi ilikuwa na takriban dola milioni 54 katika mifuko yake ambazo haikuwa imeziripoti. Mkurugenzi, Ruth Coleman, alijiuzulu. Fikirini hasira ya bibi aliyetoa akiba yake ili lango lisifungwe. Simtuhumu mtu yeyote wa Kampala kwa kuficha fedha. Nasema kwamba mwananchi akiambiwa hakuna pesa, ana haki ya kuona kitabu kabla ya kuamini, na katika bajeti ya 2025/26 ya shilingi trilioni 72.4 kitabu hicho kina kurasa nyingi.

Karibu zaidi na nyumbani tuliona mwaka 2020 kinachotokea watu wanapotoweka hifadhini. Machi mwaka huo utalii wa sokwe ulisimamishwa kwa sababu ya korona, wageni wakakatika, mapato yakakatika, na watu wa vijiji vya jirani wakakosa kazi. Mwanzoni mwa Juni, Rafiki, dume aliyeongoza familia ya Nkuringo kule Bwindi, akauawa kwa mkuki wa mwindaji. Bwindi inatazamwa na dunia nzima, kwa hiyo muuaji alikamatwa na kuhukumiwa kabla ya miezi miwili kwisha. Mvule ukianguka West Bugwe hakuna gazeti la London litakaloandika. Hatuna wa kututazamia ila ninyi na sisi wenyewe.

Na sisi wenyewe tunaweza. Jirani zetu wa Busoga walithibitisha hilo kwa msitu wa Butamira. Serikali ilipoutoa kwa kampuni ya sukari ya Kakira, majirani walipinga miaka kadhaa, shirika la ACODE likaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2005 mahakama ikatamka kwamba serikali ilikuwa imevunja amana inayoishikilia kwa ajili ya wananchi. Miaka miwili baadaye ilikuja Mabira: mpango wa kutoa hekta 7,100, karibu robo ya msitu, zilimwe miwa. Mpango huo uliwekwa kando baada ya watu kuingia barabarani Kampala tarehe 12 Aprili 2007. Siku hiyo inanitia uchungu kila ninapoikumbuka, kwa sababu watu walikufa, akiwemo mtu wa asili ya Kiasia aliyeuawa na umati bila kosa lolote. Msitu usitetewe kwa namna hiyo tena kamwe. Watu wakinyimwa mahali pa kusema wakiwa wamekaa, watasema wakiwa wamesimama barabarani, na hapo hakuna anayejua nani ataumia. Barua hii ni jaribio la kusema tukiwa tumekaa.

Ng'ambo ya mpaka, mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa katika msitu wa Karura, Nairobi, Januari 1999 kwa kutaka kupanda mti kwenye ardhi ambayo wakubwa walikuwa wamejigawia. Leo Karura ni msitu wa watu. Kikundi cha wananchi kilichoundwa mwaka 2009 kiliingia ubia na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, wakajenga uzio, wakaajiri walinzi kutoka vijiji na mitaa ya jirani, na mahali palipokuwa pa kutisha pakawa mahali pa kwenda na watoto Jumapili. Kenya ilipotaka mwaka 2025 kubadili njia ambayo ada za Karura zinapitia, wananchi walipaza sauti, kwa sababu walikuwa wamezoea kujua kila shilingi inakwenda wapi. Nataka majirani wa West Bugwe wawe na mazoea hayo.

Sheria yetu ya 2003 inaruhusu mkataba wa usimamizi wa pamoja kati ya NFA na jamii zinazozunguka msitu. Kwa hiyo sina haja ya kuwaomba sheria mpya. Naomba fungu la West Bugwe liandikwe peke yake, lionekane, libandikwe kwenye ofisi za kata za Busitema, Buteba na Sikuda: askari wangapi, mafuta kiasi gani, kilomita ngapi za mpaka zitakazofyekwa mwaka huu. Naomba askari hao waajiriwe kutoka vijiji vya jirani na walipwe kila mwezi bila kukosa, kwa kuwa mtu mwenye silaha ambaye hajalipwa miezi mitatu ni hatari zaidi kwa msitu kuliko kutokuwa naye. Naomba vijana wanaodai ardhi wapewe kazi ya kupanda mivule kwenye sehemu zilizokwisha kuharibiwa, kwa mkataba unaowapa sehemu ya miti watakayoikuza, pamoja na haki ya kuweka mizinga ya nyuki. Hayo si makubwa. Wizara ya Fedha ingetumia muda mrefu zaidi kuyakataa kuliko kuyalipia.

Taarifa za sera za wizara zinatakiwa kufika Bungeni kufikia tarehe 15 Machi, na bajeti ipitishwe kufikia tarehe 31 Mei. Kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki za kutosha kwa wabunge wachache kupanda gari asubuhi na kufika Busitema kabla ya chakula cha mchana. Serikali yenyewe ilianzisha mabaraza mwaka 2009 ili wananchi waulize maswali ya matumizi mbele ya maafisa wao. Basi itisheni baraza, siku ya soko ili watu wawepo, na mwaalikeni mwakilishi wa Kaunti ya Busia avuke aje. Waleteni maafisa wa misitu na wa fedha meza moja. Tutawaonyesha visiki, tutawaonyesha mpaka, na wale wanaotaka msitu ugawanywe watapewa nafasi ya kusema mbele yenu kama mimi nitakavyopewa. Viti tutatafuta sisi. Ninyi leteni kitabu cha hesabu, na mtupe tarehe.

Kwa heshima,

Mkazi wa Lunyo, Wilaya ya Busia, Uganda